Uwanja wa Afya: Je, Kuulizwa Kunaweza Kumpunguzia Mtu Pombe?

Tunaingia moja kwa moja katika suala lililotufikia mwezi uliopita. Msomaji wetu mmoja, mama anayeishi hapa Qantab, ametuandikia kuhusu kaka yake aliyeko Afrika Mashariki. Kaka huyo ameanza matibabu ya kuacha pombe, na katika kituo anachotibiwa unaendeshwa utafiti. Kwa hiyo, mbali na daktari na mshauri wake, kila baada ya muda huitwa na mtu mwingine mwenye karatasi za maswali: mwezi huu umekunywa siku ngapi, umekunywa kiasi gani, na pombe imekuletea matatizo gani. Mama yetu anauliza: kumtajia pombe kila mara mtu anayejitahidi kuisahau, si kumtonesha kidonda? Amwambie kaka yake aendelee kujibu, au ajitoe?

Tumeona swali hili si lake peke yake. Zimo nyumba nyingi miongoni mwetu zenye ndugu wa namna hiyo, ama huku ugenini ama kule nyumbani, na khabari zake husemwa kwa sauti ya chini milango ikiwa imefungwa. Kwa hiyo tumeamua kulijibu hadharani, bila ya kumtaja mtu, ili faida iwe ya wote.

Jibu fupi ni hili: kwa yale yaliyokwisha kuchunguzwa, hofu ya kwamba maswali ya watafiti yatamrudisha mgonjwa kwenye pombe haikupata nguvu. Yaliyoonekana mara nyingi ni kinyume chake. Kuulizwa kwenyewe kunaweza kumsaidia mtu kupunguza, ijapokuwa msaada huo ni mdogo na hauchukui nafasi ya matibabu. Sasa tueleze jambo hili lilijulikana vipi, kwa nini linatokea, na sisi wenye jamaa tulitumie namna gani.

Tuanze mbali kidogo, mjini London. Mwaka 1977 daktari Griffith Edwards na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliowahusu wanaume 100, wote wenye wake, waliofika kutibiwa ulevi. Kwanza walihojiwa kwa kirefu, na wake zao pia. Kisha wakagawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa matibabu kamili ya wakati ule: miadi ya daktari, dawa, na kulazwa hospitali ikibidi. Kundi la pili lilipewa kikao kimoja tu cha nasaha, ambamo mume na mke waliambiwa kwa upole kwamba jukumu la kuacha pombe liko mikononi mwao wenyewe. Baada ya mwaka mmoja, makundi hayo mawili hayakupishana kwa kiasi cha maana.

Wengi walistaajabu, na wengine wakafanya haraka kusema kwamba matibabu ya ulevi hayana faida. Lakini kuna jambo moja lisilofaa kupitwa. Wale wa nasaha peke yake hawakuachwa hivi hivi. Kila mwezi mtumishi wa utafiti aliwasiliana na mke na kuulizia maendeleo ya mumewe. Watafiti walikuwa wakikusanya khabari tu. Nyumbani, hata hivyo, ilikwisha kufahamika kwamba mwezi ukiisha ataulizwa mtu, na jibu litatolewa. Je, nani atathubutu kusema kwamba ziara hizo za kila mwezi hazikuwa na uzito wowote?

Tuje karibu na kwetu. Shirika la Afya Duniani liliendesha utafiti katika nchi kadhaa, Kenya na Zimbabwe zikiwamo, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1996. Walihusika wanaume 1,260 na wanawake 299. Hao hawakuwa watu waliokwisha kutekwa kabisa na pombe. Walikuwa wanywaji wa kupita kiasi ambao bado wangeweza kujizuia. Baadhi yao walipewa nasaha fupi ya dakika 5 baada ya mahojiano, wengine nasaha ndefu kidogo, na kundi la kulinganishia halikupewa nasaha yoyote. Lilihojiwa tu kuhusu afya kwa muda wa dakika 20. Kwa upande wa wanaume, waliopewa nasaha walipunguza zaidi kuliko waliohojiwa tu. Kwa wanawake mambo yalikwenda namna nyingine: waliopewa nasaha walipunguza, na waliohojiwa tu nao walipunguza.

Utafiti uliolielekea swali la mama yetu hasa ulifanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2007. Patrick Clifford, Stephen Maisto na mwenzao waliwachukua watu 235 walioanza matibabu ya pombe bila ya kulazwa. Matibabu yao hayakuguswa. Kilichobadilishwa ni mahojiano. Baadhi yao walihojiwa mara nyingi na wengine mara chache, baadhi kwa maswali marefu na wengine kwa maswali mafupi, na kila mmoja akawekwa katika fungu lake kwa bahati nasibu. Lengo lilikuwa kujua kama kuhojiwa peke yake kunabadili chochote. Ikaonekana kwamba kunabadili: kiasi cha kuhojiwa kiliathiri unywaji wa watu hao na madhara yaliyowapata kwa sababu ya pombe, na mwelekeo wake ulikuwa upande wa kheri.

Hapa hatuna budi kuwatahadharisha wasomaji, maana khabari njema husafiri upesi kuliko ukweli wake. Mtu aghalabu huenda kutafuta matibabu siku mambo yanapokuwa yamemzidi. Sisi tunaoishi ufukweni tunajua kwamba maji yakishajaa kabisa, lililobaki ni kupwa. Basi wako watakaopunguza pombe hata wasipoulizwa neno, kwa kuwa walianza kuhesabiwa wakiwa katika hali yao mbaya kabisa. Ndiyo maana watafiti wakahitaji kugawa watu kwa bahati nasibu, ili maji yakipwa yapwe kwa makundi yote sawasawa, na tofauti ikibaki ijulikane imetoka wapi.

Chukueni mfano wa Eldoret, Kenya. Huko watu 614 wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao pia walikuwa wakinywa pombe, waligawanywa makundi mawili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Kundi moja lilifundishwa katika vikao vya pamoja namna ya kuzitambua fikra na mazingira yanayomvuta mtu kwenye chupa, na namna ya kuyakabili. Kundi la pili lilifundishwa mambo ya afya kwa jumla. Kundi la kwanza lilifanikiwa zaidi, na hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini hata kundi la pili lilipunguza unywaji. Je, ni kwa sababu ya mafunzo ya afya, au kukutana na wenzao, au kuhojiwa mara kwa mara, au kupwa kwa maji tulikokutaja? Hatuwezi kuchagua sababu moja na kuziacha nyingine. Tunachoweza kusema ni kwamba mtu asiyepewa "dawa" katika utafiti hakosi kupewa kitu. Amepata mtu wa kumsikiliza na siku ya kurudi.

Kiasi cha msaada huo nacho kisitiwe chumvi. Mwaka 2011 Jim McCambridge na Kypros Kypri walikusanya tafiti zilizowalinganisha wanywaji waliohojiwa na wasiohojiwa, wengi wao wakiwa watu wasio katika matibabu. Walipojumlisha, tofauti waliyoikuta ilikuwa ndogo, kadiri ya kinywaji kimoja kwa juma. Kinywaji kimoja hakimwokoi mtu anayekunywa tangu asubuhi. Ila kama njia ni kushuka ngazi hatua kwa hatua, hatua moja si ya kudharauliwa.

Sasa, kwa nini maswali yawe na nguvu yoyote? Sababu ya kwanza ni hesabu. Mnywaji hujua kwamba anakunywa, lakini mara chache hujua anakunywa kiasi gani. Siku ya kula mshahara huingia katika siku ya msiba, na ya msiba huingia katika siku ya mpira. Kule Kilimanjaro mbege hunywewa kwa kata inayopita mkono kwa mkono, na Uganda waragi humiminwa bila ya kipimo. Mtafiti huja na kalenda na kuuliza siku baada ya siku: Ijumaa ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, ulikunywa nini, kiasi gani? Mtu akilazimika kujaza siku 30 kwa kinywa chake mwenyewe, huiona jumla ambayo hajapata kuiona. Hakuna aliyemhubiria, ameisikia hesabu kwa sauti yake.

Sababu ya pili ni aina ya maswali. Yako maswali 10 mashuhuri ya Shirika la Afya Duniani yanayoitwa AUDIT, ambayo yalitayarishwa kwa kushirikiana na nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo. Tafsiri yake ya Kiswahili ilichunguzwa Moshi, katika hospitali ya KCMC. Maswali ya mwanzo huuliza unakunywa mara ngapi na kiasi gani. Yanayofuata huingia ndani: umepata kushindwa kufanya jambo uliloweza kulifanya siku zote? Umepata kuhitaji pombe asubuhi ili uamke? Umepata kusahau yaliyotokea usiku? Umemjeruhi mtu, au umejeruhiwa? La mwisho huuliza kama jamaa, rafiki au daktari amepata kuingiwa na wasiwasi kwa ajili ya unywaji wako. Kila jibu lina alama, jumla yake haipiti 40, na mwenye kufikia 8 hushauriwa aangalie mwenendo wake. Mtu akifika swali la kumi hana pa kujificha, kwa kuwa ndani yake yumo mkewe, yumo mamaye, na yumo dada aliyeko Qantab anayemtumia pesa.

Sababu ya tatu, nayo tunaiona kubwa kuliko zote, ni kwamba mwulizaji atarudi. Hagombi wala hacheki. Hamwiti mtu majina, wala hapeleki maneno kwa majirani. Huandika jibu, hushukuru, na kutaja siku ya kuonana tena. Mlevi aliyezoea kupigiwa kelele nyumbani na kukwepwa barabarani hupata mbele yake mtu anayetaka ukweli na asiyemuadhibu kwa kuusema. Jambo hilo ni adimu. Sisi Waswahili tunalijua vizuri: mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aghalabu mficha maradhi ni sisi tuliomfundisha kuficha.

Hata hivyo ulimi una siri zake. Mtu anayeulizwa mara kwa mara anaweza kupunguza pombe, na anaweza pia kupunguza maneno. Huko Mbarara, Uganda, watafiti wamekuwa wakiyalinganisha majibu ya watu na vipimo vya damu. Kiko kipimo kinachotafuta katika damu kitu kiitwacho PEth, ambacho hutengenezwa mwilini pale tu mtu anapokunywa pombe, na chaweza kuonekana kwa majuma kadhaa baada ya hapo. Ikadhihirika kwamba wamo waliosema hawakunywa na ilhali damu yao ilisema vingine. Tusiwahukumu haraka. Wagonjwa wengi huogopa kwamba wakikiri watanyimwa dawa au watakaripiwa. Funzo kwetu ni kuwa swali huzaa ukweli pale tu ambapo ukweli hauna adhabu.

Neno hilo linatugusa sisi wageni kuliko wengine. Anayefanya kazi kwa kafili huhofu kwamba majibu yake yataishia mezani kwa mwenye kazi. Kwa hiyo yafaa kila mmoja ajue haki zake kabla ya kukubali kuhojiwa, iwe huku au kule. Utafiti wa halali humweleza mtu kusudi lake kwa lugha anayoifahamu, na humwomba ridhaa. Mtu anaweza kukataa, anaweza kuliruka swali, na anaweza kujitoa katikati, bila ya matibabu yake kupunguzwa. Aulize waziwazi: jina langu litaandikwa? Nani atayasoma majibu haya? Yatahifadhiwa wapi, na kwa muda gani? Akijibiwa kwa kubabaishwa, asitie sahihi.

Basi mama yetu amwambie nini kaka yake? Ikiwa amekwisha kuelezwa hayo na ameridhika, hatuoni sababu ya kujitoa kwa kuhofia kutoneshwa kidonda. Kidonda kinachofunikwa bila ya kusafishwa ndicho kinachooza. Lakini nyoyo za watu hazifanani. Ikiwa kila atokapo katika mahojiano hujikuta na hamu ya pombe, amwambie mshauri wake siku hiyo hiyo, kisha waamue pamoja kama apumzike au aendelee. Kujitoa ni haki yake. Asijitoe tu kwa kuwa ana aibu ya kueleza mwezi mbaya, maana mwezi mbaya ndio unaohitaji zaidi kuelezwa.

Sasa tunafika kwenye jambo tunalolihofia hasa. Utafiti una mwisho. Baada ya miezi sita au mwaka, fedha za mradi huisha, karatasi hukusanywa, na yule mwulizaji mpole hapigi tena simu. Familia hufurahi kwamba mtu wao amehitimu. Lakini ikiwa sehemu ya uzima wake ilikuwa ikitegemea siku ile ya kuulizwa, siku hiyo imeondolewa bila ya kuwekwa nyingine mahali pake. Anaweza kurudi nyuma kimya kimya, na hakuna atakayejua, kwa sababu hakuna anayeuliza. Kwa hiyo, mwezi mmoja kabla ya mahojiano ya mwisho, mgonjwa na jamaa zake wamuulize mshauri: baada ya hapa, ni nani atakayekuwa akiuliza?

Anaweza kuwa mshauri mwenyewe, au kundi la wenzake walioacha pombe, au sheikhe au padri mwenye moyo wa kusitiri. Anaweza kuwa ndugu. Lakini ndugu anayetaka kazi hiyo lazima ajifunze adabu ya mtafiti. Apange siku na asiibadili, kwa mfano Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi. Aulize akiwa faragha, na mapema, mtu akiwa hajachoka wala hajanywa. Aulize kwa hesabu: siku ngapi, kiasi gani, siku gani ilikuwa nzito, na siku gani ulishinda. Asiseme, "Umeanza tena?" maana hilo ni shtaka lililovaa nguo za swali. Jibu likiwa baya, apokee, ashukuru kwa kuambiwa kweli, na aulize nini kitafanywa kabla ya siku ya kuonana tena. Na jibu hilo lisifike kwa shangazi wala jirani, wala lisikumbushwe siku ya ugomvi. Likikumbushwa mara moja tu, mwezi unaofuata hutaambiwa kweli.

Tena asichanganye kuuliza na kupeleleza. Kunusa pumzi, kupekua mifuko na kumpigia bosi wake simu havimo katika kazi hii. Vilevile, mwenye kunywa kila siku kwa muda mrefu asishurutishwe kuacha ghafula pasipo daktari. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa mara moja unaweza kutetemeka, kuona mambo yasiyokuwapo, hata kushikwa na degedege, na wapo wanaokufa. Hapo ni pa kwenda hospitali upesi. Hapa Muscat, Hospitali ya Al Masarra iliyoko Al Amerat ndiyo yenye wataalamu wa maradhi ya akili na uraibu. Kwa asiyejua pa kuanzia, daktari wa kituo cha afya kilicho karibu anaweza kumwelekeza.

Wasomaji wetu walio mbali na ndugu zao husikitika kwamba hawana la kuwafanyia isipokuwa kutuma pesa. Pesa ni msaada mkubwa, ingawa kwa mtu wa namna hii huweza kugeuka chupa. Simu ya kila mwezi yenye maswali manne ya upole, inayopigwa siku ile ile kutoka Qantab na inayotunza siri, haitatosha kumponya mtu. Itamwonyesha walau kwamba hesabu ya siku zake ina mwenye kuingoja. Anayetaka kuianza, azungumze kwanza na ndugu yake na kumwomba ridhaa, kama afanyavyo mtafiti, kisha waafikiane siku.

Mwenye swali au maoni alifikishe kwetu kwa njia ya kawaida. Majina tutayasitiri, kama ilivyo desturi ya uwanja huu.